Minyoo ya Mbwa na Watoto wa Lubumbashi

(Mhadhara uliotolewa Lubumbashi, mwezi wa Septemba, mbele ya walimu, wauguzi, wakuu wa mitaa na wafugaji wa mbwa)

Mmeacha shughuli zenu za Jumamosi ili mje kusikiliza habari za mavi ya mbwa. Mwenyekiti wa mkutano huu aliponialika aliniomba nitafute kichwa cha mada chenye heshima kidogo zaidi. Nilikitafuta, nikakikosa. Basi tuvumiliane.

Kusudi langu ni moja. Nataka tukubaliane kwamba kutibu minyoo ya mbwa, hasa mbwa wachanga, ni kazi ya afya ya watu, na kwamba hapa jimboni kwetu Haut-Katanga kazi hiyo ina msimu wake, nao ni wiki hizi tulizo nazo kabla mvua haijaanza. Nina hoja tano. Mbili zitanichukua muda, nyingine nitazipita upesi. Mwenye swali alishike mpaka mwisho, isipokuwa muuguzi au daktari akinisikia nakosea: huyo anikate kauli papo hapo.

Hoja ya kwanza: tunamwogopa mbwa mkubwa, tunamsahau mdogo

Ukimwuliza mtu wa Katuba, wa Ruashi au wa Kampemba ni ugonjwa gani unaotoka kwa mbwa, atakujibu bila kufikiri: kichaa. Ni jibu zuri. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili zake kwa mtu, karibu hakuna hospitali itakayomwokoa, iwe hapa au Ulaya. Sisemi mpunguze hofu hiyo hata kidogo. Ila imetuzoeza kumtazama mbwa kwa meno yake tu. Yule mkubwa anayelinda lupango, yaani uwanja wa nyumba, hufungwa mnyororo mchana kutwa na watoto hukatazwa kumsogelea. Mtoto wake wa wiki nne hulazwa jikoni, hubebwa na watoto huku na huku, huwalamba uso, na hujisaidia palepale wanapotandika mkeka. Kwa upande wa minyoo, ulinzi wetu umekaa kinyumenyume.

Mnyoo unaonihangaisha zaidi unaitwa Toxocara canis. Ni mweupe, mviringo, na ukikomaa unafika sentimita kumi na zaidi. Jike moja hutaga mayai yapatayo laki mbili kwa siku moja. Mnisikilize hapa, maana ndipo siri ya mnyoo huu ilipo: mbwa mzima akimeza mayai yake, lava wengi, yaani minyoo michanga inayotoka katika mayai, hawakui tumboni. Hupenya utumbo, huenda kujificha katika nyama za mwili wake, na huko hulala miezi na hata miaka bila kumsumbua. Mbwa huyo ukimpima choo utamwona safi. Lakini akiwa jike na akishika mimba, katika wiki za mwisho za mimba hiyo lava huamka, hupita kwenye kondo la nyuma na kuingia kwa watoto waliomo tumboni. Wengine hupitia kwenye maziwa. Ndiyo maana mbwa wachanga huzaliwa wakiwa tayari wameambukizwa, hata kama mama yao analishwa vizuri na lupango linafagiliwa kila asubuhi. Wakifika wiki tatu hivi za umri, minyoo yao imekomaa na imeanza kutaga.

Kwa hiyo kiwanda cha mayai ni mtoto wa mbwa, kuanzia wiki ya tatu hadi karibu mwezi wa sita wa umri wake. Baada ya hapo mwili wake hujifunza kuizuia minyoo na idadi hupungua yenyewe. Mwenye mbwa husema, “Amepona, alikuwa mdogo tu.” Kweli amepona, lakini mamilioni ya mayai yamekwisha kubaki uani.

Dalili mnazijua, ingawa mara nyingi tunazisoma vibaya. Tumbo limejaa na kung'aa, mbavu zinahesabika, manyoya yamekauka na kusimama, mara anatapika mnyoo mzima. Katika mitaa yetu tumbo hilo husifiwa: “Huyu anakula vizuri!” Bwana aliye pale nyuma anacheka, naona na yeye amewahi kumsifu mbwa wake hivyo.

Hoja ya pili: udongo ndio njia, na udongo wetu una majira yake

Mayai ya Toxocara yanapotoka kwa mbwa hayawezi kumwambukiza mtu siku hiyohiyo. Yanahitaji kukaa kwenye udongo wenye unyevu na joto kwa wiki mbili mpaka nne, lava wakue ndani yake. Habari hii ni njema na mbaya pamoja. Njema, kwa sababu mavi yanayozolewa leo au kesho hayana hatari ya Toxocara. Mtu mwenye koleo na dakika tano ameshamaliza kazi. Mbaya, kwa sababu mavi yasiyozolewa huyeyuka, mvua huyasambaza, na mwezi mmoja baadaye hakuna mtu anayejua yalikuwa wapi. Mahali panaonekana safi kabisa. Mtoto anakaa hapo, anachimba, anaweka kidole mdomoni.

Mayai haya yana ganda gumu lenye tabaka kadhaa. Maji ya javeli, tunayoyaamini kwa kila kitu katika mji huu, hayayaui; huondoa tabaka la nje tu, na lava ndani anabaki mzima. Yanayoyaua ni maji yanayochemka, moto, na jua kali lililokausha kila kitu. Chini ya mwembe, kwenye kivuli, yanaweza kukaa miaka. Mama anayemwaga javeli penye mavi ya mbwa amefanya kazi ya usafi, na ninamheshimu, lakini sufuria moja ya maji ya moto ingemsaidia zaidi.

Mnyoo wa pili una tabia tofauti. Jina lake ni Ancylostoma, na ni ndugu wa mnyoo wa safura wa binadamu. Ni mdogo, sentimita moja au moja na nusu, lakini una meno na unakunywa damu. Mbwa mchanga aliye nayo mingi, fizi zake hugeuka nyeupe, choo chake huwa cheusi kama lami, na anaweza kufa kabla ya kufikisha mwezi. Mayai yake hayasubiri: kwenye udongo wenye unyevu huanguliwa kwa siku moja au mbili, na kwa muda wa wiki moja hivi lava wako tayari. Hawangoji kumezwa, wanapenya ngozi. Mjerumani Arthur Looss ndiye aliyeligundua jambo hili kwa mnyoo wa binadamu, akiwa Cairo mwishoni mwa karne ya 19, pale tone la maji yenye lava lilipomdondokea mkononi: ngozi ikamwasha palepale, na wiki kadhaa baadaye akakuta mayai katika choo chake mwenyewe.

Lava wa Ancylostoma ya mbwa akiingia ngozi ya mtu amepotea njia. Hana uwezo wa kufika utumboni kama kawaida yake, basi anatembea chini ya ngozi, sentimita moja mpaka mbili kwa siku, akiacha mchirizi mwekundu uliopindapinda, unaowasha hasa usiku. Wanaopatwa ni watoto wanaocheza peku, ni wale wanaokaa juu ya rundo la mchanga wa kujengea lililomwagwa mbele ya lupango, ambalo mbwa na paka wote wa avenyu wamelifanya choo, na ni fundi wa magari anayelala chali ardhini, shati limepanda, akifungua giaboksi. Wengi hudhani ni upele. Wako wanaojaribu kuuchoma au kuupaka mafuta ya taa ule mstari, wakajipatia kidonda ambacho mnyoo peke yake usingewapa. Albendazole ya siku chache, au ivermectin kwa kipimo cha daktari, humaliza jambo lote.

Sasa tazameni kalenda yetu. Mvua zetu huanza kati ya Oktoba na Novemba na kwenda mpaka Aprili. Kuanzia Mei udongo unakauka. Juni na Julai kuna baridi asubuhi. Septemba na Oktoba jua linachoma mpaka nyufa zinaonekana. Lava wa Ancylostoma hawawezi kustahimili ukavu huo. Mayai ya Toxocara yanastahimili zaidi, lakini hata yenyewe yanachelewa kukomaa. Maana yake ni kwamba mwishoni mwa kiangazi udongo wa uani uko katika hali yake nafuu kuliko wakati mwingine wowote wa mwaka, na chanzo cha uchafuzi mpya ni mbwa wenyewe, hasa wachanga. Ukiwatibu wakati huu, mvua ya kwanza inakuta mayai machache ya kuamsha. Ukingoja Januari, unamtibu mbwa anayeambukizwa upya wiki inayofuata. Dawa ni ileile na bei ni ileile.

Nisisahau mboga. Wataalamu wa kilimo wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi wamepima kwa miaka mingi madini yaliyomo katika mboga za bustani zetu, Katuba, Kilobelobe na kwingineko, na mji umeanza kuelewa habari za shaba na kobalti katika majani. Mayai ya minyoo hayazungumzwi sana, ingawa bustani hizohizo ziko wazi, mbwa wanazipita usiku, na maji ya kumwagilia ni ya vijito vilevile. Hapa, hata hivyo, upishi wetu unatukinga. Sombe linatwangwa na kuchemshwa muda mrefu, lengalenga linapikwa, bukari linasongwa kwa maji ya moto. Hakuna yai linalopona humo. Hatari iko kwenye saladi, nyanya, karoti na majani ya kitunguu tunayokula mabichi. Yaoshwe kwa maji mengi safi, jani moja moja, na mikono vilevile.

Hoja ya tatu: mtoto anaumwa, na kipimo cha choo hakionyeshi kitu

Hoja hii nawaelekezea zaidi wauguzi na walimu.

Mtoto akimeza mayai ya Toxocara, lava hutoka, hupenya utumbo na kuanza safari: ini, mapafu, mara ubongo, mara jicho. Ndani ya mtu hawakui kamwe kuwa minyoo mikubwa, hawatagi. Kwa hiyo hakuna yai litakaloonekana katika choo cha mtoto huyo, hata ukipima mara kumi. Ana homa zinazokuja na kuondoka, anakohoa, ana mluzi kifuani kama wa pumu, ini limevimba, hana hamu ya kula. Anapimwa malaria, na mara nyingi kwa mji kama wetu anapewa dawa ya malaria. Anapimwa choo: hakuna kitu. Anarudishwa nyumbani. Kitu kinachoweza kumfungua macho mganga ni hesabu ya damu, ambamo zile chembe nyeupe zinazoitwa eosinofili zimepanda sana, pamoja na swali ambalo halihitaji mashine: mtoto huyu ana tabia ya kula udongo? Nyumbani mna mbwa mchanga? Maabara yenye uwezo inaweza kuthibitisha kwa kipimo cha kingamwili katika damu.

Ugonjwa huu ulieleweka kwa kuchelewa, na kwa njia ya kusikitisha. Mwaka 1950 huko Marekani, Helenor Campbell Wilder alichunguza macho ya watoto yaliyokuwa yameng'olewa, mengi yao kwa sababu madaktari walidhani yana saratani. Katika macho 46 aliyoyatazama, 24 yalikuwa na mabaki ya lava wa mnyoo. Watoto walikuwa wametolewa jicho kwa ajili ya kiumbe kisichofika nusu milimita. Miaka miwili baadaye, 1952, Paul Beaver na wenzake wa New Orleans walieleza habari za watoto wenye ini kubwa na eosinofili nyingi, wakaonyesha kwamba lava ni wa Toxocara. Tangu hapo jicho limekuwa sababu kuu ya sisi kuuogopa mnyoo huu. Kwa kawaida huwa jicho moja tu, na mtoto mara nyingi ameshafika umri wa kwenda shule. Haumwi, halii. Anaanza kengeza, au anageuza kichwa asome ubao kwa jicho zima. Mwalimu ndiye anayeweza kuliona kabla ya mzazi, na ndiyo maana nilimwomba mwenyekiti awaalike walimu.

Tusitishane kupita kiasi. Wengi wanaomeza mayai hayo hawapati ugonjwa wowote unaoonekana. Mwili unapambana na kushinda. Mapitio ya tafiti nyingi yaliyochapishwa mwaka 2019 yalikadiria kwamba karibu asilimia 19 ya watu duniani wana kingamwili za Toxocara, na kwa Afrika asilimia 37 na kidogo. Kuwa na kingamwili ni alama kwamba mtu amekutana na mnyoo, basi. Lakini idadi inapokuwa kubwa hivyo, hata sehemu ndogo ya wanaougua ni watoto wengi.

Na jambo moja la kutahadhari. Watoto wetu hupewa dawa za minyoo, mebendazole au albendazole, shuleni na katika kampeni za vitamini A. Ni kazi nzuri sana na iendelee. Inaua minyoo ya binadamu iliyo utumboni. Haizuii mayai ya mbwa kuingia kesho yake, na kidonge kimoja hakiwafikii vizuri lava walioko kwenye ini au jicho. Mzazi asiseme, “Wangu amekwisha kumeza dawa shuleni.”

Hoja ya nne: tegu, na funzo la Turkana

Tegu ya kawaida ya mbwa wetu ni Dipylidium. Huenezwa na kiroboto: mtoto akimeza kiroboto kwa bahati mbaya anapocheza na mbwa, anaipata. Mzazi huona vipande vyeupe kama punje za wali katika choo cha mtoto au kwenye mkundu wa mbwa, anashtuka sana. Inachukiza kuliko inavyodhuru. Dawa yake ni praziquantel kwa mbwa na kwa mtoto, na viroboto viuawe, la sivyo mwezi ujao mko palepale. Tuiache hiyo.

Tegu ya kuogopwa ni Echinococcus granulosus. Ndani ya mbwa ni kitu kidogo mno, milimita chache, na mbwa anaweza kuwa na maelfu bila kuonekana mgonjwa. Mayai yake, tofauti na yale ya Toxocara, yako tayari kuambukiza siku yanapotoka. Mtu akiyameza, katika ini au mapafu yake huota uvimbe uliojaa maji unaokua taratibu kwa miaka, mpaka ufike ukubwa wa kichwa cha mtoto. Ukipasuka ndani, unaweza kuua.

Kwa miongo mingi kaskazini mwa Turkana, nchini Kenya, palikuwa na ugonjwa huu kuliko karibu popote duniani. Tafiti zilizochapishwa mwaka 1982 zilikadiria wagonjwa wapya 220 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka. Sababu ilikuwa maisha yenyewe: mifugo mingi, maji haba, mbwa waliolala ndani ya nyumba pamoja na watoto, na matumbo ya wanyama waliochinjwa kutupiwa mbwa. Mwaka 1983 shirika la afya la AMREF lilianzisha mradi wa kudhibiti. Walitibu mbwa kwa praziquantel kila wiki sita, kwa sababu katika wiki sita tegu mpya haijawahi kukomaa na kutaga. Walibeba mashine ya ultrasaundi mpaka kambini kwa wafugaji, wakatafuta uvimbe kwa watu wasiojijua kuwa wagonjwa. Baada ya kama miaka ishirini na mitano, kiwango cha ugonjwa kwa watu kilikuwa kimeshuka kwa zaidi ya nusu. Mbwa hawakumalizwa. Walimezeshwa dawa.

Lubumbashi si Turkana. Hatuishi na makundi ya ng'ombe. Lakini tunachinja mbuzi uani, kwenye arusi, kwenye matanga, kwenye Idi na Krismasi, na macho ya mkaguzi wa nyama hayafiki huko. Mchinjaji akikuta ini lina kifuko cha maji, anakikata na kukirusha. Mbwa anakidaka hewani kabla hakijagusa ardhi. Hapo mzunguko umekamilika. Kifuko hicho kichomwe au kizikwe chini sana, mahali mbwa hawezi kufukua. Sheria hii moja haihitaji fedha wala daktari.

Hoja ya tano: kuua mbwa si dawa

Kila panapotokea mtu kuumwa na mbwa, husikika sauti ya kutaka mbwa wa mitaani wapigwe risasi au wawekewe sumu. Nitasema kwa ufupi. Ukiua mbwa wazima mtaani, chakula kinabaki kwenye majalala na nafasi inabaki wazi. Jike aliyesalia anazaa, watoto wake wengi zaidi wanapona, na baada ya mwaka una mbwa walewale kwa idadi, ila wachanga. Nimeshaeleza ni nani anayetoa mayai mengi. Kwa upande wa kichaa nako, unakuwa umewaua pamoja na wale waliokuwa wamechanjwa. Fedha za risasi zingenunua vidonge.

Tufanye nini basi

Kwanza dawa. Kwa minyoo mviringo ya mbwa wachanga, pyrantel na fenbendazole zinafaa na ni salama. Waanze wakiwa na wiki mbili, warudie wiki ya nne, ya sita na ya nane, kisha kila mwezi mpaka miezi sita. Na mama yao ameze siku zilezile. Mbwa mzima, kila miezi mitatu inatosha kwa nyumba nyingi. Pyrantel haiui tegu na praziquantel haiui Toxocara. Muulizeni daktari wa mifugo kidonge mnachouziwa kina nini ndani. Mbwa apimwe uzito, hata kwa mizani ya kupimia unga. Na tafadhali, ile ivermectin ya sindano ya ng'ombe inayogawanywa kwa kukisia katika maduka yetu msimchome mbwa mchanga. Tone lililozidi kidogo kwa ng'ombe si kitu, lakini kwa mbwa wa kilo mbili linaweza kuwa kifo.

Pili kipimo. Kupima choo cha mbwa hakuhitaji maabara kubwa. Unachukua kiasi cha ncha ya kijiko, unakivuruga katika maji yaliyojazwa chumvi ya jikoni mpaka chumvi imekataa kuyeyuka, unachuja, unajaza kichupa mpaka mdomoni, unaweka kioo chembamba juu na kungoja dakika kumi hadi kumi na tano. Mayai ya minyoo hii ni mepesi kuliko maji hayo ya chumvi, yanapanda na kunasa kwenye kioo. Chini ya hadubini yale ya Toxocara ni ya mviringo, meusi, ganda nene lenye vishimo. Yale ya Ancylostoma yamerefuka kidogo, ganda jembamba, ndani unaona chembe chache zilizogawanyika. Mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa udaktari wa mifugo anaweza kuifanya kazi hii akiwa mtaani, mezani pa mtu, mbele ya mwenye mbwa. Na mwenye mbwa akishayaona mayai kwa jicho lake, hana haja ya kusikia hotuba yangu.

Tatu lugha, na hapa nina neno kwa wenzangu wa chuo. Mwaka 1863 Mdenmark aitwaye Harald Krabbe alikwenda Iceland, kisiwa ambacho wakati huo kilikuwa kimelemewa na tegu ileile ya Turkana. Alipomaliza uchunguzi wake, kijitabu kifupi kikachapishwa mwaka 1864 kwa Kiiceland, lugha ya wakulima wenyewe, kikagawiwa bure nyumba kwa nyumba. Sheria ya kutibu mbwa ilifuata mwaka 1869. Dawa za zama zile zilikuwa dhaifu sana zikilinganishwa na praziquantel, na hata hivyo ugonjwa ulififia mpaka karne ya 20 ikaumaliza. Watu walisoma, wakaacha kuwatupia mbwa matumbo ya kondoo. Sisi tunafundisha kwa Kifaransa, tunaandika tasnifu kwa Kifaransa, tunazipanga rafuni, na mama anayelea mbwa na mtoto katika lupango moja anazungumza Kiswahili. Ukurasa mmoja wa Kiswahili chepesi, wenye picha ya tumbo la mbwa mwenye minyoo na ya kifuko cha maji kwenye ini, ungefika mbali kuliko tasnifu kumi. Nimeleta rasimu yangu. Iko mezani pale kwa mwenyekiti. Ichukueni, irekebisheni, mwondoe maneno yanayonuka darasa.

Mwisho kabisa, pendekezo langu. Tarehe 28 Septemba, siku aliyofariki Louis Pasteur mwaka 1895, huadhimishwa duniani kote kuwa siku ya kupambana na kichaa cha mbwa. Ni siku ambayo watu huleta mbwa wao kwa chanjo. Inaangukia wiki chache kabla ya mvua zetu, wakati uleule ambao nimeueleza kuwa bora kwa dawa ya minyoo. Mbwa ameshafika, ameshashikwa, daktari yuko hapo. Ninaomba wakuu wa komini, chama chetu cha madaktari wa mifugo na idara ya afya wakubaliane juu ya jambo moja dogo: mbwa yeyote anayechanjwa apewe na kidonge cha minyoo palepale, na mwenye jike aliyezaa aambiwe awalete na watoto wake, hata kama umri wa chanjo haujafika. Zimebaki siku za kutosha kujipanga kwa mwaka huu. Wanaotaka kujitolea, madaktari na wanafunzi, waandike majina yao kwenye daftari lililo mlangoni kabla ya kuondoka.